Shedi imejaa lakini mmea umelala: uchambuzi wa mchoro mmoja wa majani

Mchoro ninaouchambua hapa ni wa dada mmoja ninayemfundisha kuchora, ameniruhusu niuongelee bila kutaja jina lake. Ni mmea wa chunguni, ule wenye majani mapana mazito yanayong'aa, kitaalamu Ficus elastica, umekaa kwenye chungu cheupe juu ya meza, penseli tupu hakuna rangi. Na niseme mapema kwamba huyu si mvivu na mkono wake si mbaya hata kidogo, mistari yake misafi, ukiziba mchoro wote ukabakiza jani moja tu unasema hapa kuna mchoraji, ila ukirudi nyuma hatua chache ukauona wote kwa pamoja mmea umelala. Majani yote yako usawa mmoja, hakuna linalokuja kwako wala linaloenda nyuma, chungu ni bapa lenye weusi pande mbili, na kivuli cha mezani kimebaki doa tu ambalo hujui limetokea wapi.

Swali lake lilikuwa fupi: "Mwalimu, niongeze giza wapi?"

Hilo ndo swali la karibu kila mtu akifika hatua hii, na mimi nikamjibu dada usiongeze hata kidogo, giza lililopo hapa linatosha mimea miwili. Shida imeanza mapema zaidi, kabla penseli haijaweka shedi yoyote, yaani ule weusi wa kuonyesha mwanga na kivuli. Kwenye huu mchoro hakuna mahali palipoamuliwa kwamba jani hili limeangalia juu, lile limeangalia ukutani, na mwanga unatoka pale. Giza limewekwa kwa sababu michoro mizuri aliyoiona ina giza, basi kila jani likapewa lake, pembeni pembeni, kwa haki sawa.

Tuanze na mwanga wenyewe. Nikamuuliza ulikuwa unatoka wapi, akaonyesha dirisha la kushoto. Sawa, sasa mbona chungu kina weusi kushoto na kulia? Akasema alitaka kionekane cha mviringo. Hapo ndipo nilipopata picha kamili ya anavyofikiri, yaani kwake mviringo ni kuweka giza kwenye kingo, na ukishaamini hivyo utakifanya kila kitu hivyo hivyo, chungu, shina, jani, tunda, na kila kitu kitatoka kimevimba kidogo katikati bila kuwa na umbo. Silinda iliyopigwa mwanga kutoka kushoto haiendi hivyo. Ukingo wa kushoto una mwanga wa wastani, ukisogea ndani kidogo unakuta sehemu inayoutazama mwanga moja kwa moja na hapo ndo peupe kuliko pote, halafu toni, yaani kiwango cha weupe au weusi, inashuka polepole kadiri uso unavyogeuka, inafika mpaka ambapo mwanga haufiki tena, na ukishavuka tu huo mpaka ndipo penye utepe mweusi kuliko kote kwenye chungu. Halafu, na hiki watu wengi hukiruka, ukikaribia ukingo wa kulia giza linalegea kidogo, manake meza na ukuta vinarudisha mwanga kwenye upande wa giza. Huo mwanga unaorudi ni mdogo, kamwe usiufanye ushindane na upande wa dirisha, lakini usipokuwepo kabisa chungu kinakatika pale pembeni badala ya kuzunguka kwenda nyuma.

Kumbe kulikuwa na kingine pia. Taa ya darini ilikuwa inawaka muda wote. Kwa hiyo mezani kulikuwa na vivuli viwili, kimoja cha dirisha kinaenda kulia, kingine cha taa kiko chini chini kuzunguka chungu, na yeye kwa uaminifu mkubwa alichukua vipande vya hiki na vipande vya kile. Macho hayakumdanganya, alichora vitu vilivyokuwepo kweli, ila mtazamaji wa karatasi hana ile taa, haioni, anachoona ni kivuli kisichoelewana na majani. Tukazima taa. Unapojifunza, mwanga mmoja tu, na uweke mshale mdogo kwenye kona ya karatasi unaoonyesha unakotoka ili ukija kuendelea kesho usianze kubahatisha. Wanaochora mimea kwa ajili ya sayansi wana desturi ya mwanga wa juu kushoto kwenye kila ukurasa, na wengi wao huwa hawachori kabisa kivuli kinachoanguka mezani kwa sababu kinaficha umbo la mmea ambalo mtu wa botania anataka kulipima, kwa hiyo ukiona michoro yao haina kivuli cha chini usidhani wameshindwa, kazi yao ni nyingine.

Kama huna dirisha zuri tumia taa moja ya meza, lakini usiisogeze karibu sana. Mwanga wa taa hupungua kwa mraba wa umbali, maana yake jani la juu likiwa sentimita 50 kutoka kwenye balbu na jani la chini likiwa mita 1, lile la chini linapata robo tu ya mwanga wa la juu. Kwa mchoraji mzoefu hiyo ni zawadi, mmea unajipanga wenyewe kutoka mwangaza hadi giza, ila kwa anayeanza inamchanganya, hajui jani limekuwa jeusi kwa sababu limegeuka au kwa sababu liko mbali.

Sasa majani, na hapa ndo nataka nikae.

Jani la huu mmea si kitu bapa. Lina mshipa wa kati unaolala chini kidogo, na nusu mbili zinazopanda kila upande, kama kitabu ulichokifungua bila kukibonyeza kikalala. Kwa hiyo kila jani ni nyuso mbili, siyo moja. Nusu inayotazama dirisha inapokea mwanga, nusu ya pili imeupa mwanga mgongo au inaupata kwa upande upande, na mabadiliko kati yao yanatokea ghafla palepale kwenye mshipa wa kati. Dada huyu alikuwa ameweka giza kwenye kingo zote mbili za jani na mwanga katikati, yaani kinyume kabisa cha jani lilivyo, na ndiyo maana majani yake yalitoka na tumbo. Nilichomwambia afanye ni kuchukua jani moja, achore mshipa wa kati tu kwanza, huo mstari mmoja uliopinda, kwa sababu ndo unaobeba mwelekeo wa jani zima, halafu kutoka pale apime nusu ya kushoto na nusu ya kulia kila moja peke yake. Jani linalokuja kwako huwa na nusu moja pana na nyingine nyembamba sana, wakati mwingine nusu ya pili haionekani kabisa, na akili inakataa, inajua jani lina nusu mbili sawa basi mkono unazirudisha sawa. Ndipo jani linapolala.

Na jani likikunjwa, ncha imejipinda ikaenda chini, usikatishe mstari pale unapopotea. Chora mshipa wa kati upite hata sehemu usiyoiona, kwa wepesi sana, utokee upande wa pili, kisha ufute. Ukingo nao hivyo hivyo. Majani mengi ya wanafunzi yanavunjika pale kwenye mkunjo kwa sababu kipande cha juu na kipande cha chini vimechorwa kama vitu viwili visivyojuana. Sheria hiyohiyo iko kwenye kikonyo, kinapopita nyuma ya jani jingine lazima kitokee pale ambapo kingefika, na usipochora kwa kupenya utapata vikonyo vinavyoning'inia hewani bila kugusa shina.

Kabla ya shedi yoyote nikamtaka achore mmea mzima kwa mistari ya maumbo tu. Chungu kikawa silinda iliyobanwa kuelekea chini, mdomo wake duaradufu, na kitako chake nacho duaradufu lakini iliyofunguka zaidi ya ile ya mdomo kwa sababu iko chini zaidi ya usawa wa macho (hapo alikuwa ameweka kitako mstari ulionyooka, ndo maana chungu kilionekana kimekatwa). Kila jani likawa bapa mbili zilizounganika kwenye mshipa. Akaniuliza, "Mwalimu hii si kama mchoro wa fundi?" Ndiyo, kwa dakika hizi ni wa fundi. Ukishaliona jani kwa bapa zake, swali la wapi giza linajijibu lenyewe, bapa hii inaliona dirisha, bapa hii hailioni, imeisha.

Halafu mishipa midogo. Huu mmea una mishipa mingi myembamba inayotoka mshipa wa kati kwenda pembeni, karibu inaenda sambamba, na yeye alikuwa ameichora yote, kila moja, kwa mstari mweusi uleule kwenye nusu ya mwanga na kwenye nusu ya giza. Kazi kubwa, na imeua umbo lote. Ukitaka ijulikane ipo, iweke michache pale mwanga unapoelekea kugeuka kuwa giza, huko ndiko kila kimo na bonde dogo huonekana, na kwenye giza lenyewe iache izame. Iwe ya mwisho kabisa, baada ya toni kubwa kukaa.

Kilichomshangaza zaidi ni habari ya chungu cheupe. Nikamwambia anyooshe kidole kwenye sehemu ya giza ya chungu, halafu kwenye sehemu ya mwanga ya jani, na aniambie ipi nyeusi zaidi. Akajibu bila kusita kwamba ni chungu, manake kiko gizani. Nikampa karatasi mbili ndogo zenye tundu katikati, moja akaiweka mbele ya jicho ielekee chungu, nyingine ielekee jani, ili aone toni peke yake bila kujua ni kitu gani. Jani lenye mwanga lilikuwa jeusi kuliko chungu chenye kivuli. Alirudia kuangalia mara kadhaa akiwa haamini.

Hapa ndipo penye ugumu halisi wa toni kwenye mimea. Kuna weusi wa kitu chenyewe, jani la kijani kizito limezaliwa jeusi, chungu kimezaliwa cheupe, na kuna giza la kivuli, na vitu hivi viwili vinakuja machoni vimechanganyika. Ubongo unazoea kuvitenganisha, unakwambia "chungu ni cheupe" hata kikiwa kimekuwa kijivu kabisa. Mwaka 1995 Edward Adelson, mwanasayansi wa uonaji, alitengeneza picha ya ubao wa drafti wenye kivuli cha silinda, miraba miwili kwenye ile picha ina kijivu kilekile kabisa lakini hakuna anayeiona kuwa sawa, mmoja unaonekana mweupe kwa sababu uko ndani ya kivuli. Ubongo haujakosea, unafanya kazi yake ya kutambua vitu, ila mchoraji anahitaji ile kijivu yenyewe. Njia za kuipata ni nyepesi: fumba macho nusu mpaka vitu vidogo vipotee yabaki madoa makubwa, au piga picha na simu uigeuze nyeusi na nyeupe, au hiyo karatasi ya tundu ambayo mimi naipenda kuliko zote kwa sababu inafundisha jicho, simu inakupa jibu tu.

Baada ya hapo tukapanga toni kwa mafungu matano tu kwenye kipande cha karatasi. La kwanza karatasi yenyewe, likaachiwa mwanga wa chungu na ile ming'ao. La pili kivuli cha chungu. La tatu nusu za majani zenye mwanga, la nne nusu zenye giza, la tano pale ndani ndani majani yanapobanana na pale kitako cha chungu kinapogusa meza. Kwenye mchoro wa zamani chungu na majani vilikuwa vimetumia toni zilezile kuanzia nyeupe hadi nyeusi, kila kitu kinapiga kelele sawa, hivyo hakuna kilichokuwa mbele wala nyuma.

Ming'ao nayo ina tabia yake ambayo haifanani na ya kivuli. Simama mbele ya mmea, halafu sogeza kichwa kulia kidogo. Vivuli havihami, mng'ao unahama. Mng'ao ni taswira ya dirisha kwenye nta ya jani, kwa hiyo unategemea jicho lako liko wapi, na ndiyo sababu ukikaa kwenye kiti tofauti kesho yake ming'ao yote imehama unaanza kusahihisha kitu kisichohitaji kusahihishwa. Bandika alama sakafuni pa miguu ya kiti na mezani pa chungu. Na mng'ao una kingo kali kwenye jani la nta, kwenye jani lenye vinyweleo unasambaa unafifia, kwa hiyo ukali wa ukingo wake ndo unamwambia mtazamaji jani ni la aina gani. Leonardo da Vinci aliandika kwamba majani ya miti yana mambo manne, kivuli, mwanga, mng'ao na kupenyeza mwanga, na mimi mpaka leo nikikaa mbele ya mmea huwa nayauliza manne haya kwa kila jani. Kwa huu mmea la nne halina kazi sana, majani ni mazito.

Kivuli kinachoanguka ndo kilichobaki. Lile doa la mezani lilikuwa na makosa mawili. Kwanza kingo zake zilikuwa laini kote, alikuwa amesugua na kidole. Kivuli hakiendi hivyo, kinaanza kikali pale kitu kinapogusa meza na kinalainika kadiri kitu kilichokiangusha kilivyo mbali na uso kinapoangukia. Kwa taa yenye balbu ya sentimita 6 ikiwa mita 1 kutoka kwenye jani, jani lililo sentimita 10 kutoka mezani linatoa ukingo wenye ukungu wa milimita 6 hivi, jani lililo sentimita 30 unafika karibu sentimita 2. Hata jua lina hiyo tabia, kwa sababu tunaliona na upana wa nusu digrii hivi, kivuli cha jani lililo mita 1 kutoka ardhini kina ukungu wa karibu sentimita 1. Dirisha ni pana zaidi, ukungu unakuja haraka. Kwa hiyo ukichora kingo zote laini au zote kali umemnyima mtazamaji njia ya kujua jani hili liko juu kiasi gani.

La pili, kulikuwa na jani linaloangusha kivuli juu ya chungu, na yeye alikuwa amekichora umbo la jani lilelile limebandikwa pale. Kivuli hufuata uso kinakoangukia. Kikipita juu ya silinda lazima kipinde na silinda, kikivuka mdomo wa chungu kinaruka ghafla kwenye udongo ulioko chini zaidi, kikifika mezani kinalala. Huu ndo uzuri wa vivuli vya kuanguka, vinafanya kazi mbili, vinaonyesha mwanga unatoka wapi na vinachora umbo la kitu kingine bure. Nilimwambia afute shedi yote ya chungu aache kile kivuli cha jani peke yake kimepinda vizuri, na chungu kikawa cha mviringo bila giza jingine lolote. Alicheka kwa furaha pale, na mimi nilifurahi kuliko yeye.

Kuhusu vifaa sina mengi. Penseli ya HB kwa maumbo, zile laini na nyeusi zaidi za 2B na 4B kwa toni, usikandamize sana manake grafiti, ule unga mweusi wa penseli, ikikandamizwa inang'aa na weusi unapotea ukiangalia kwa pembeni, afadhali upitishe tabaka nyepesi kadhaa. Kidole ukiache, kina mafuta, na kinafanya jani la nta lionekane la sufi. Mistari ya shedi iende kuvuka jani kutoka mshipa wa kati kuelekea ukingoni, kwa mpindo uleule wa jani.

Mchoro wa pili sasa una unene. Chungu kinazunguka, majani ya kushoto yanaanza mbele ya shina na ya kulia yanarudi nyuma, na vivuli vinaelewana na dirisha. Bado jani moja halijakaa, lile linalokuja moja kwa moja kwa mtazamaji, ncha yake imeelekea usoni kwako, amelirefusha tena kwa sababu anajua majani haya ni marefu. Shedi yake iko sahihi kabisa, umbo ndo limekosea, na hakuna toni itakayolisaidia. Kwa hilo nimempa kazi ya kuchora uwazi ulio kati ya lile jani na majirani zake, zile pembetatu za hewa, bila kuligusa jani lenyewe, na kupima kwa penseli iliyonyooshwa mkono ukiwa umekakamaa urefu wake dhidi ya upana. Kwa macho ni karibu sawa, urefu na upana. Kwenye karatasi yake urefu ni mara mbili na zaidi. Akilimaliza hilo tunahamia mmea wenye majani membamba, tuuweke kati yetu na dirisha, ili tuanze lile jambo la nne la Leonardo, mwanga unaopita ndani ya jani, pale ambapo upande usioliona dirisha nao unakuwa na mwanga na mpango wote huu wa toni inabidi upangwe upya.